Si Zumaridi Wala Si Kigae

Msomaji wangu, leo nataka kukusimulia habari ya pete moja ya posa iliyonitoa Mombasa ikanipeleka mpaka Eldoret, safari ya mchana na usiku, kwa mtu ambaye magoti yake hayapendi tena viti vya basi. Pete yenyewe iligharimu shilingi 1,800, fedha na ufundi wote pamoja. Lakini pete hiyo ndogo ilikaribia kuvunja posa, kuwatenga jamaa wawili, na kumfedhehesha kijana wa watu asiye na hatia. Na kabla sijafika mwisho wa maneno haya itanibidi nikiri jambo ambalo hata mke wangu sikumwambia mpaka niliporudi nyumbani.

Ilikuwa baada ya sala ya alasiri dada yangu aliponipigia simu. Yeye ameolewa huko bara, yapata miaka thelathini sasa, na mumewe ana duka la vipuri vya magari mjini Eldoret. Hana desturi ya kulia katika simu. Siku ile alilia.

"Kaka, njoo," akasema. "Mambo ya mwanao yameharibika. Baba yake asema pete irudishwe."

Mwanangu aliyekusudiwa ni binti yake wa pili, ambaye mimi ni mjomba wake. Nikamwambia dada, "Mimi ni mjomba tu, si walii. Walii ni babake, na babake yuko hai, al-hamdulillahi."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Walii ndiye huyo aliyekasirika. Wewe watakusikiza."

Basi nikafunga safari.

MTAA USIO NA BAHARI

Dada yangu anakaa katika mtaa uitwao West Indies. Mpwani akilisikia jina hilo mara ya kwanza hutazamia minazi na ngalawa. La hasha! Hakuna bahari pale, wala upepo wa kusi. Eldoret iko juu sana, yapata mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi mtu hutoka na koti zito huku pumzi yake ikifuka kama buli la chai. Mto uliopo ni Sosiani, unaopita katikati ya mji juu ya majabali. Jina la Eldoret lenyewe husemwa kuwa limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mto wa mawe. Wazee wa huko waliuita mji huo Sisibo, kwa sababu ulianzia kwenye shamba la walowezi nambari 64, na nambari hiyo ikitamkwa Kiingereza iligeuka Sisibo katika vinywa vya wenyeji. Mwaka 2024 Sisibo ikapewa hadhi ya jiji.

Na hao West Indies asilia, visiwa vya bahari ya Karibi, walipataje jina lao? Mwaka 1492 baharia Christopher Columbus alivuka bahari ya Atlantiki akitafuta njia ya kwenda Bara Hindi. Alipoona nchi kavu alidhani amefika, akawaita wenyeji Wahindi. Bara Hindi lilikuwa bado mbali, ng'ambo nyingine ya dunia. Kosa likajulikana, lakini jina halikubanduka. Linatumika mpaka hii leo, na limesafiri hata likafika Eldoret.

Nakuomba, msomaji, uliweke jambo hili moyoni, maana habari yangu yote ni ya jina lililotangulia ukweli.

KISU CHA SHANGAZI

Kijana aliyemposa mwanangu ni fundi wa umeme wa magari. Kwao ni bonde la Kerio, katika Wakeiyo. Baba yake alikuwa dereva wa malori ya kwenda Mombasa, na huko Mombasa ndiko alikosilimu, zamani, kabla kijana hajazaliwa. Ni watu wa sala na wa kazi, mali hawana. Kijana alifika dukani kwa shemeji yangu kununua vipuri, akamwona binti akisaidia hesabu, akarudi na baba yake kwa mlango wa mbele, kama itakiwavyo. Posa ikapokewa. Ndipo akavisha pete: duara la fedha, na juu yake jiwe la kijani, la mviringo, kubwa kama punje ya mahindi, lililong'arishwa bila kuchongwa pembe.

Siku ile ya kuvishwa pete watu walisherehekea. Siku chache baadaye neno likazagaa katika jamaa: Binti kavishwa zumaridi! Likafika Mombasa, likafika Malindi, likavuka hata Maskati kwa jamaa zetu walioko huko. Wengine wakaanza kuuliza kijana wa gereji alipata wapi fedha za zumaridi. Wengine wakasema huenda baba yake ameficha mali. Shemeji yangu, ambaye hakuwa amelisema neno hilo, alianza kulisikia kwa wateja wake, na si vibaya kusema kwamba lilimpendeza.

Kisha akaja shangazi. Shangazi wa binti, dada yake shemeji, ni mama mwenye heshima zake, amezoea dhahabu ya Dubai na haamini kitu asichokijaribu mwenyewe. Alifika kutoka Mombasa kwa ajili ya maandalio. Jikoni, alipokuwa akikata vitunguu, alimwita binti, akaishika ile pete, akaigusa kwa ncha ya kisu. Kisu kikaacha mstari mweupe juu ya jiwe.

"Zumaridi gani hili likwaruzwalo na kisu cha vitunguu?" akauliza. "Hiki ni kigae cha chupa. Mwanetu amechezewa!"

Basi nyumba ikawaka. Shemeji aliyekuwa akijivuna juzi akaona ameaibishwa mbele ya mji mzima. Akasema, mtu anayeanza kwa uongo wa pete atamaliza kwa uongo gani? Kijana akaitwa. Akaulizwa mbele ya watu: hili ni zumaridi au si zumaridi? Akajibu kwa unyenyekevu kwamba yeye hajui majina ya vito. Ni jiwe la kwao, amepewa na baba yake. Jibu hilo likaonekana ni la mtu aliyebanwa. Akaambiwa aende, ataitwa.

Hapo ndipo dada yangu aliponipigia simu.

VITO VILIVYOPOTEZA MAJINA

Njiani, basi lilipokuwa likipanda kutoka Nakuru kuelekea Burnt Forest na ukungu umefunika madirisha, nilikuwa nikijipa moyo kwa kukumbuka kwamba si sisi wa kwanza kukosea jiwe. Wafalme wamekosea pia.

Katika taji la wafalme wa Uingereza mna jiwe kubwa jekundu ambalo kwa karne nyingi liliitwa yakuti. Wenye elimu walipolipima walikuta ni spineli, jiwe la namna nyingine kabisa, ijapokuwa rangi zafanana. Katika bahari ya Sham, karibu na pwani ya Misri, kuna kisiwa kiitwacho Zabargad, ambacho mawe yake ya kijani, zabarajadi, yalidhaniwa zumaridi zama na zama.

Na hapa kwetu? Mwaka 1967 yalipookotwa mawe ya buluu katika vilima vya Merelani, Tanzania, walioyaona mwanzo walidhani ni yakuti samawi. Kumbe ilikuwa namna ya jiwe iitwayo zoisaiti, lakini ya rangi ambayo haikupata kuonekana kabla yake. Kampuni ya Tiffany ya New York ikalipa jina la tanzanaiti. Miaka michache baadaye mwanajiolojia Campbell Bridges alipata huko Taita lile ganeti la kijani, ambalo rangi yake huweza kushindana na zumaridi, likaitwa tsavoraiti kwa jina la mbuga ya Tsavo. Bwana huyo aliuawa karibu na Voi mwaka 2009, katika ugomvi wa machimbo. Msafiri wa Mombasa na Nairobi hupita kando ya vilima vile akisinzia, wala hajui alichokipita.

Waislamu wa kale hawakuwa wajinga wa mambo haya. Al-Biruni, aliyeishi zaidi ya miaka 900 iliyopita, alitunga kitabu kizima juu ya vito, akavipima kwa maji na mizani, akatofautisha yakuti na lile jiwe jekundu la Badakhshan lililofanana nayo. Yaani alijua kwamba jicho ni shahidi mmoja tu, na shahidi mmoja hatoshi.

Mawazo hayo yalinifariji mpaka alfajiri. Lakini chini yake palikuwa na wazo jingine nililokuwa nikilikwepa, na lilikuwa likinichoma.

TAA YA NOTI

Nilifika nikakaribishwa kwa chai ya maziwa na mahamri, maana dada yangu hajaacha mapishi ya kwao. Binti alikuja kunishika mkono. Kidole chake kilikuwa kitupu. Pete ilikuwa katika kabati la duka, ndani ya bahasha, ikingoja kurudishwa.

Nikamuuliza, "Wewe mwenyewe wasemaje?"

Akainamisha kichwa. "Mjomba, mimi sikuvaa zumaridi. Mimi nilivaa pete. Yeye hakuniambia hata siku moja kuwa ni zumaridi. Sijui nani alilianza neno hilo."

Nikanywa chai yangu. Sikumjibu.

Jioni tukakusanyika dukani, shemeji, shangazi, dada, mimi, na mdogo wake binti, mtoto wa miaka kumi ambaye mikono yake haitulii. Shemeji akaitoa ile bahasha akaiweka juu ya meza. Kando palikuwa na ile taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia, ambayo kila mwenye duka siku hizi anayo. Tukiwa katika mabishano, mtoto akaitoa pete akaiingiza chini ya taa ile.

Jiwe likawaka. Wallahi liliwaka. Kijani chake kikatoweka, likatoa mwanga wa buluu ya zambarau, kama kaa la moto lililobadilishwa rangi. Shangazi akaruka nyuma.

"Audhubillahi! Lina jini hilo!"

Msomaji wa Pwani unajua jinsi tulivyolelewa kwa hadithi za pete za majini. Hata mimi, nisingizie nini, nilisoma kimoyomoyo. Mtoto peke yake ndiye aliyecheka, akaendelea kuliingiza na kulitoa. Likitoka, kijani. Likiingia, buluu. Shemeji akachukua chupa ya soda ya kijani, akaiweka chini ya taa ile ile. Chupa ikabaki chupa.

Tukatazamana. Ikiwa ni kigae cha chupa, mbona chupa haiwaki?

MIZANI YA SONARA

Asubuhi tulikwenda kwa sonara mmoja mjini, mzee mwenye asili ya Kihindi, aliyerithi kazi kwa baba yake. Shangazi alisisitiza kuja, na nilifurahi alipokuja.

Mzee alisikiliza habari yote, ya kisu na ya taa. Jambo la kwanza alilofanya ni kumpa shangazi kisu na chupa tupu. "Mama, ikwaruze," akasema. Shangazi akakwaruza. Kisu kikateleza. Akatia nguvu, kikateleza tena.

"Umeona?" mzee akasema. "Kisu cha jikoni ni taabu kuikwaruza chupa. Lakini jiwe hili kililikwaruza mara moja. Kwa hiyo jiwe hili ni laini kuliko chupa. Zumaridi ni gumu kuliko chupa na kuliko kisu. Basi mama, kisu chako kilisema kweli mbili. Kilisema hili si zumaridi, na kilisema hili si kigae. Wewe ulisikia moja, ya pili ukaiacha."

Shangazi akakaa kimya, jambo lisilotokea mara nyingi.

Kisha mzee akalitoa jiwe katika kikombe chake cha fedha, taratibu kama mtu atoaye mwiba katika mguu wa mtoto. Akaliweka juu ya mizani yake ndogo: gramu 1.27. Akachukua bilauri ya maji, akaiweka juu ya mizani, akairudisha mizani kwenye sufuri. Halafu akalifunga jiwe kwa uzi mwembamba, akalining'iniza ndani ya maji bila kugusa chini wala kando. Mizani ikasoma 0.40. Akaeleza kwamba hicho ndicho kiasi cha maji kilichosogezwa na jiwe. Ukigawa 1.27 kwa 0.40 unapata kama 3.18, yaani jiwe ni zito mara tatu na zaidi kidogo kuliko maji ya ukubwa wake. Kioo cha chupa huwa kama 2.5. Zumaridi ni kama 2.7. Tsavoraiti hupita 3.6.

"Na 3.18 ni nini?" nikauliza.

Mzee akatabasamu. "Pamoja na ulaini wake, pamoja na kuwaka kwake? Hii ni floraspa. Mwenye pete anatoka wapi?"

Shemeji akajibu, "Bonde la Kerio."

"Basi mngeniambia mapema ningewapunguzia kazi. Kijana amewaambia jiwe la kwao. Ni jiwe la kwao."

Hapo nikamkumbuka Al-Biruni na mizani yake. Miaka yote hiyo imepita, na bado maji na mizani ndivyo mashahidi wanaoaminika.

Nieleze kidogo, kwa faida ya asiyejua. Floraspa ni madini ya rangi nyingi: zambarau, kijani, manjano, na mengine meupe kama kioo. Husaidia kuyeyusha chuma viwandani, na ndipo lilipotoka jina lake, katika neno la Kilatini la kutiririka. Hutolewa pia tindikali kali inayotumika katika kazi nyingi, pamoja na utengenezaji wa aluminiamu. Na ule mwanga uliomtisha shangazi hauna jini. Mwaka 1852 mtaalamu George Stokes wa Cambridge alipouchunguza mwanga wa namna hiyo, aliupa jina kutokana na jiwe hili hili. Kwa hiyo kila taa ya kukagulia noti huamsha katika noti mwanga ambao jina lake kwa Kiingereza limetoka katika floraspa, na mwenye duka hana habari.

Huko Kimwarer, chini ya ukingo wa Elgeyo, floraspa ilichimbwa tangu miaka ya 1970. Ilisagwa ikawa unga, ikateremshwa mpaka bandari ya Mombasa, ikapakiwa melini kwenda nchi za ng'ambo. Sisi wa Mombasa ilipita mbele ya macho yetu miaka arobaini, tukidhani ni vumbi. Mgodi ulifungwa mwaka 2016, na watu wengi wakabaki bila kazi. Madai ya fidia ya ardhi ya wenyeji waliohamishwa kuupisha mgodi yamezungumzwa miaka mingi, magazetini na katika tume.

Kwa thamani ya sokoni, mzee sonara hakutuficha. Jiwe lile halina bei kubwa. Ni laini, na hupasuka upesi likigongwa, ndiyo maana masonara hawalipendi kwa pete ya kila siku. "Lakini ni jiwe halisi," akasema, "na aliyeling'arisha alikuwa na subira."

BABA WA KIJANA

Jioni ile wakaitwa kijana na baba yake. Mzee alipanda kutoka bondeni kwa matatu, amevaa kanzu iliyopigwa pasi na koti juu yake. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyekuja kusikiliza hukumu.

Shemeji akaanza kwa kusema kwamba jiwe limepimwa. Mzee akainua mkono kwa adabu, akaomba aseme yeye kwanza, kabla hajaambiwa chochote.

Akasema, "Mimi sijui jina lake kwa Kizungu sana. Marehemu baba yangu alikuwa na shamba kule chini, kabla ya mgodi. Mvua ikinyesha, mawe haya yalikuwa yakionekana katika mfereji, sisi watoto tunachezea. Tulipohama pale, baba alichukua mawe manne, akampa kila mwanawe mmoja. Hakuwa na kitu kingine cha kutugawia. Mimi langu niliweka miaka hiyo yote. Nimebeba unga wa jiwe hili kwa lori mpaka Mombasa mara ambazo siwezi kuhesabu, na lile langu liko nyumbani katika kopo. Kijana aliponiambia ameona mchumba, sikuwa na ng'ombe wa kuuza wala pesa. Nikampa jiwe. Akakaa nalo usiku mwingi, analisugua. Fedha ya pete alinunua yeye. Sasa kama halifai, sitakasirika. Tutarudi nalo. Lakini mwanangu asiitwe mwongo."

Chumba kilikuwa kimya kabisa. Kijana alikuwa akitazama sakafu.

Hapo ndipo nilipojua kwamba sikuja Eldoret kuamua kesi ya mtu mwingine. Nikasimama, na umri wangu huu, nikasema mbele yao wote jambo nililokuwa nikilikimbia tangu kituo cha basi Mombasa.

Siku ya kuvishwa pete, dada yangu alinitumia picha kwa simu. Mimi nilikuwa barazani na wenzangu, tunanywa kahawa. Nikaitazama picha, nikataka kusema neno zuri, kama kawaida yetu washairi ambao ulimi hututangulia. Nikamwandikia: "Mashaallah, mwanangu kavishwa zumaridi." Sikuwa nimeliona jiwe. Sikuuliza. Nililitumia neno kwa sababu lilikuwa tamu na lilikuwa la kijani. Na kwa kuwa jamaa hunidhania kuwa mtu aliyesoma, neno langu lilichukuliwa kama cheti cha sonara. Kutoka simu ya dada likaenda kwa jamaa wote, na likarudi Eldoret likiwa na miguu ya watu mia. Kijana aliulizwa aeleze uongo ambao niliusema mimi.

Nikamwambia, "Mwanangu, nisamehe. Na wewe mzee mwenzangu, nisamehe. Hakuna mwongo katika nyumba yenu."

Mzee akaja akanishika mkono, akaushika muda mrefu. Shangazi alikuwa anafuta macho kwa ncha ya leso, akidai ni moshi, wala hapakuwa na moshi. Shemeji yangu, ambaye ni mkali lakini si dhalimu, akainuka akampa kijana ile bahasha. "Mvishe mwenyewe," akasema. "Sikuitoa kwa haki, sina haki ya kuirudisha kwa mkono wangu."

TULIYOSOMA NA TUKAYASAHAU

Nimelala usiku mwingi nikiyafikiri haya. Mimi niliketi chuoni nikiwa mdogo, nikapigwa kiboko kwa kukosea irabu, na bado sikuyatia kazini yale niliyohifadhi. Katika Surat al-Hujurat tumeamrishwa tuichunguze habari kabla hatujawadhuru watu kwa ujinga, kisha tukabaki tunajuta. Aya hiyo naijua tangu sijabaleghe. Nani kati yetu huikumbuka akishika simu?

Na juu ya pete zenyewe, mafunzo yetu ni mepesi kuliko tunavyoyafanya. Katika hadithi sahihi, mtu mmoja aliyetaka kuoa na hakuwa na kitu aliambiwa na Mtume, sala na salamu zimshukie, atafute japo pete ya chuma. Alipoikosa hata hiyo, aliozwa kwa Kurani aliyokuwa ameihifadhi. Na pete ya Mtume mwenyewe, katika mapokezi ya Anas, ilikuwa ya fedha, na jiwe lake lilikuwa la Kihabeshi. Wanavyuoni wamejadili ni jiwe la namna gani. Mimi hupendezwa tu kwamba lilitajwa kwa nchi lilikotoka, na nchi yenyewe ni jirani yetu.

Pete ya uchumba si sharti la ndoa. Posa ni ahadi, na ahadi hukaa katika kauli ya mtu. Lakini tumefika mahali ambapo pete hupigwa picha kabla ya posa kusomewa dua, na kijana ambaye hana zumaridi huulizwa kwa nini amezaliwa. Wangapi wamekopa ili wavishe dhahabu, wakaingia katika ndoa na deni badala ya mkeka? Wasichana wetu pengine hawayataki hayo. Yule wa kwetu hakuyataka. Tuliyataka sisi, jamaa, kwa ajili ya masikio ya watu wa Maskati.

Sonara alilirudisha jiwe mahali pake, akaliwekea ukingo wa fedha ulioinuka kidogo ili usipate kugongwa ovyo. Akamwonya binti asiivae akifua wala akipika, wala asiipeleke kwa fundi atakayeipasha moto. Ule mstari wa kisu shangazi alitoa pesa zake mwenyewe ukasuguliwa. Kazi ilichukua nusu saa, mstari ukatoweka kabisa. Nilisimama pale nikitazama, nikatamani neno nalo lingekuwa na sonara wake.

Wameoana. Nikahi ilifungwa baada ya Ijumaa, babake akiwa walii kama ipasavyo, na mimi mjomba nikala pilau kwa amani. Shangazi siku hizi ndiye anayeisimulia pete ile kuliko sote. Akikutana na mtu hulitaja jiwe kwa jina lake na bonde lake, na akiwa na taa ya noti karibu humwonyesha jinsi linavyowaka, akisema hilo lilikuwa shamba la babu yake mume wa mwanetu.

Nami, kwa kuwa kosa lilitoka katika ulimi wa mshairi, nimeona kaffara yake iwe beti moja, nikamaliza:

Ulimi usitangaze, jambo usilolijua,
Sikio usisikize, uvumi ukasumbua,
Mizani itangulize, ndipo upate tambua,
Jiwe halina makosa, kosa la aliyetaja.